Nilipatana Bei na Joto

Musinitafutie jina. Mukilijua mutakuja kunitukania kwenye meza yangu sokoni, na pale nina wateja.

Nilikosa. Nasema hivyo kwanza ili musifikiri nazunguka. Kuna fundi mumoja hapa Kalemie ananyooshewa kidole kwa kosa ambalo si lake. Ni langu. Nimelihesabu mara mbili, na mara zote mbili limetoka kamili: langu lote, hakuna hata kipande cha kumugawia.

Mimi nauza vitambaa vya kroshe. Navisuka mwenyewe. Munajua hapa kwetu nyumba yenye heshima haiachi kitu uchi. Redio ina nguo yake, televizyo ina nguo yake, termosi ina sketi, hata bidoni ya maji nimeshaivalisha. Muntu akinunua kitu cha umeme, kabla hajajua kinawashwaje, anakuja kwangu nikipimie. Nusu ya muji huu nimeivalisha mimi, na ile nusu ingine bado tunabishana bei.

Kubishana bei njo kazi ninayoijua kuliko kusuka. Samaki napunguza. Pikipiki napunguza kabla sijapanda, na nikishuka napunguza tena. Kwa sifa hiyo kituo cha afya cha mutaa wetu kikaniingiza kwenye komite. Walisema: tumuchukue yule mama, hata sabuni ataitoa kwa nusu. Hawakukosea. Mashuka yao nilikuwa nayahesabu asubuhi, nayahesabu tena jioni, na hakuna shuka lililotoroka.

Basi ikafika mashini ya oksijeni.

Ilikuja na boti kutoka Kigoma. Sanduku la ukubwa wa valizi ya safari, magurudumu manne chini, na muguno wake kama wa muntu aliyeshiba. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, halafu inamupa mugonjwa ile inayofaa kwa mupira mwembamba wa puani. Watoto wenye homa ya mapafu njo waliokuwa wanaingojea. Zamani mutoto akikosa pumzi alikuwa anapandishwa pikipiki mpaka hospitali kubwa, na mukifika, mumefika.

Aliyekuja kuiweka aliitwa fundi Dezire. Mwembamba, shati safi, kalamu mbili mufukoni. Nilipoziona zile kalamu nikamudharau palepale. Muntu anayejua kazi, kalamu moja inamutosha!

Papa Lwamba, muuguzi mukuu wetu, alikuwa kwenye chumba cha kuzalishia. Funguo nilizishika mimi. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Dezire, na mashini. Mukumbuke hapo.

Dezire akafungua kifuniko cha nyuma.

"Mama, angalia. Feni inavuta hewa ya baridi huku, inapita kwenye hii sponji, inaipuliza mota, inatokea chini ikiwa na moto. Na haya unayaona?" Akagusa vibati vyembamba vya alumini vilivyosimama mustari juu ya mota. "Haya tunayaita mapezi. Joto linatoka kwenye mota, linapanda humu, hewa inalibeba, linaenda zake. Yule aliyeichora mashini hii, nusu ya akili yake aliimalizia hapa. Kuchuja hewa si shida. Shida ni kutoa joto."

Nikayahesabu mapezi. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

"Ziwa hili lote," nikamwambia, "halina samaki wa mapezi mengi hivi. Walikuwa wanajaza nafasi."

Hakucheka. Njo shida ya watu wa kalamu mbili.

Akaweka kiwiko chake ukutani, akanyoosha vidole mpaka vikagusa mashini. "Mukono muzima, Mama. Kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nyuma na pembeni zote. Hapo kisikae kitu, na juu yake kisiwekwe kitu."

Sasa munisikilize vizuri. Sikioni mwangu hiyo ilikuwa bei ya kuanzia. Muntu yeyote akitaja kipimo mbele yangu, najua ameongeza.

"Papa Fundi," nikasema, "chumba chenyewe kidogo. Kuna kitanda cha mutoto, kuna benchi ya mama yake, kuna kabati. Mukono muzima wa kufuga hewa? Weka nusu."

"Haiko nusu, Mama."

"Basi shibiri moja, twende."

"Mama, hii si mimi ninauza."

"Njo maana nakuambia punguza! Si chako, kinakuuma nini?"

Akanitazama, akapangusa paji lake. "Mimi unaweza kunishinda, Mama. Unanichosha tu. Lakini joto halikusikii."

Akaiweka mashini pake, mukono muzima kila upande, akapima mara ya pili, akafunga kifuniko, akaenda na kalamu zake.

Nikabaki naendelea kupatana peke yangu! Nikashika mashini, nikaisukuma kwenye kona kati ya ukuta na kabati. Nusu. Haikulia. Robo. Haikulia. Nikafikia vidole vitatu. Nikasimama nikiwa nimefunga mikono, nimefurahi kabisa. Mukono muzima nimeushusha mpaka vidole vitatu, na muuzaji hata hayupo! Benchi ikaingia, na nafasi ikabaki ya ndoo.

Kesho yake nikaleta nguo.

Mungeiona! Manjano na nyeupe, maua manne mbele, nyuzi za kuning'inia mpaka sakafuni. Ndani nikaishonea plastiki, maana vumbi la barabara yetu munalijua, halipigi hodi. Nikaivalisha mashini mpaka magurudumu. Papa Lwamba akaingia, akaikuta mashini kwenye kona, akafikiri fundi njo amepapenda pale. Akashika pindo la kitambaa.

"Ee, Mama! Sasa imekuwa mashini ya watu."

Na mimi sikukataa sifa. Kila mama aliyeleta mutoto pale alikiona kitambaa kabla hajaiona dawa. Wa kwanza kuniagiza cha kwake alikuwa Mama Feza, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Tunakaa benchi moja kanisani, tunaimba sauti moja, tunasengenya watu walewale. Alitaka cha redio, rangi ileile. Nilimupunguzia kidogo. Kidogo tu, musizidishe.

Mashini ikaanza kulia. Si siku ya kwanza. Ilikuwa ikifanya kazi saa moja au mbili, inaanza: biii, biii. Pembeni kuna kidude cha kunyamazisha. Papa Lwamba akiwa mbali, nilikuwa nakibonyeza mimi. Inanyamaza. Baadaye inalia tena, nabonyeza tena.

Munataka kujua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza wauza ndagala! Muuza ndagala ukimutajia bei analia. Anaita watoto wake majina, anasema umemuua, anasema heri azirudishe ziwani. Usipotikisika, ananyamaza, anapima. Miaka yote nimeishi kwa kutokutikisika. Mashini ikilia, nikaona na hii inanijaribu. Wacha ilie! Itanyamaza.

Ikanyamaza kweli.

Ilikuwa wakati ule wa jua kabla ya mvua, saa saba ya muchana, mabati ya kituo yanatoa sauti yenyewe. Nilikuwa nimekuja kuhesabu mashuka. Ndani ya kile chumba alikuwa Mama Feza na mujukuu wake Sifa, mutoto wa miezi munane, amelazwa tangu asubuhi na homa ya mapafu, mupira puani. Papa Lwamba alimupima kwa kile kibanio cha kidole kinachosoma hewa ya damu, akaona anapanda vizuri, akaenda kushona kichwa cha muntu aliyeanguka na pikipiki.

Mashini ikaanza. Biii, biii.

"Mama," Feza akaniuliza, "hii inalia nini?"

Nikacheka. Ninakiandika hiki kicheko hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kukiweka. Nikacheka, nikapitisha mukono chini ya kitambaa, nikabonyeza. "Inajipandishia bei. Usiitazame."

Na mukono wangu ulihisi moto ule! Ulihisi. Nikaupuliza, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Ikalia mara ya pili. Nikabonyeza. Ya tatu. Nikabonyeza. Halafu ikakaa kimya, hata ule muguno wake wa kushiba ukaisha. Chumba kikawa kizuri, munasikia? Kizuri, kimya.

"Umeona?" nikamwambia Feza. "Tumepatana."

Feza alikuwa ameinama kwenye kitanda. Nilikuwa kwenye shuka la kumi na nne niliposikia sauti yake, si kubwa, sauti ya muntu anayeogopa kujisikia mwenyewe.

"Midomo yake, angalia. Midomo ya mutoto."

Ilikuwa na rangi ambayo sina uzi wake.

Feza akapiga kelele. Papa Lwamba akaingia mbio, glovu zina damu ya muntu mwingine, akabana kile kibanio kwenye kidole cha muguu cha Sifa. Namba ikawa inashuka. Akaangalia mupira, akaangalia kona. Akashika nguo yangu kwa mikono miwili, akaivuta.

Joto lilitupiga usoni sawa na muntu anapofungua tanuru la mikate. Plastiki yangu ilikuwa imelainika, imeshikana na mugongo wa mashini. Papa Lwamba akashika kifuniko, akakiachia akikunja vidole. Taa ndogo ya mbele, ile iliyokuwa ya kijani, imezimika. Hakuna kinachozunguka. Nguo ilikuwa imefunika taa, imefunika matundu, imefunika yote. Kazi safi! Sijawahi kusuka nguo iliyokaa vizuri hivyo.

Papa Lwamba akachukua ule mufuko wa kukamua hewa kwa mukono, akaubandika usoni pa mutoto, akaanza: kamua, achia, kamua, achia. Nje palikuwa na pikipiki ya yule aliyeanguka. Mwenzake akaiwasha. Feza akapanda na mutoto, Papa Lwamba akakaa nyuma kabisa, muguu mumoja unaning'inia, anakamua huku wanaondoka.

Mimi nikakimbia nyuma yao. Kwa nini? Sijui. Muntu wa umri wangu, kandambili mukononi! Nilikimbia mpaka barabara kubwa, nikawa nahesabu anavyokamua mpaka sikuona tena mukono wake. Arobaini na mbili. Mara hiyo sikuweza kuhesabu tena kuhakikisha.

Sifa hakufa.

Neno hili naliandika peke yake ili mupumue. Hospitali walikuwa na mutungi wa oksijeni. Alikaa siku sita, akarudi mugongoni pa mama yake anavuta hereni. Mungu ni mwema, na mikono ya Papa Lwamba ilivimba siku mbili.

Mukifikiri hapo njo mwisho wa ubaya wangu, basi hamujanijua.

Komite ikamuita Dezire. Alifika, tukawa tena wawili pale chumbani, maana funguo nilikuwa nazo bado. Akaitazama ile kona. Akaweka vidole vyake kati ya mashini na ukuta, vikaingia vitatu. Akavitazama vile vidole.

Akafungua. Mapezi yale kumi na tisa hayakuonekana. Katikati yake pamejaa pamba ya manjano, manyoya ya uzi wangu, imevutwa na feni siku baada ya siku, imeshikana na vumbi mpaka imekuwa godoro. Akachomoa kipande kwa ncha ya kalamu. Kumbe ile kalamu ya pili ina kazi! Akakiweka kwenye kiganja changu.

"Uzi huu unaujua, Mama."

Nikafumba kiganja.

"Joto lilitafuta njia. Huku sponji imezibwa na plastiki, huku mapezi yamevaa, nyuma ukuta. Likarudi ndani. Kompresa, ile pampu ya kusukuma hewa, imepika mipira yake yote, haisukumi tena. Ile kelele ilikuwa inaomba hewa." Akafunga. "Utawaeleza kwenye mukutano?"

Nikasema, "Tutaona."

Tutaona! Jibu la muntu anayetaka muuzaji achoke.

Mukutano ulikuwa na watu kumi na mumoja; Papa Lwamba alikuwa zamu, hakuwepo. Prezida wa komite akauliza, "Nani aliiweka mashini kule kwenye kona?"

Dezire akanitazama. Hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, akangoja, heshima yake yote usoni, anamupa mama nafasi ya kusema mwenyewe. Nikainua macho darini, nikahesabu mabati. Ishirini na sita. Nikahesabu tena.

"Niliiweka mukono muzima kutoka ukuta," Dezire akasema mwishowe.

"Na ilitembea yenyewe?" prezida akauliza. Watu wakacheka.

"Na ile nguo?" Dezire akasema. "Ile nguo njo ilifunga—"

"Fundi, usitafute njia ya kutokea! Nguo ni ya usafi. Hata redio ya ofisi hii iko na nguo."

Kweli, ilikuwa nayo. Ya bluu. Niliisuka mimi. Watu kumi na mumoja, na kila mumoja kwake redio imevaa. Nani angehukumu kitambaa? Wakaandika: fundi aliweka mashini vibaya. Karatasi ikazunguka. Nikatia sahihi, nikahesabu kama sahihi zimetimia. Zilitimia.

Sasa vituo vingine vya ukingo wa ziwa havimuiti tena. Amefungua kimeza cha kuchomelea redio pale sokoni, karibu na mimi kabisa, mustari wa pili. Kila asubuhi ananisalimu: "Jambo, Mama." Anainamisha kichwa. Heri angenitemea mate, ningejua pa kuanzia kubishana.

Mama Feza yeye alijua bila mukutano. Alisikia kicheko changu. Alikuja na kile kitambaa cha redio yake, amekifua, amekipiga pasi, amekikunja mara nne. Akakiweka mezani.

"Nirudishie kiasi gani?" nikamuuliza.

"Sitaki kitu."

"Feza, basi hata unitukane."

"Nikikutukana," akasema, "utaniomba nipunguze."

Akaenda. Jumapili anakaa benchi ya mbele yetu. Naimba nikitazama mugongo wake.

Muniulize kwa nini naandika leo, si siku ile. Ni kwa sababu kompresa mpya imefika. Iko bandarini, nimeiona kwa macho, katoni yake haijafunguliwa. Komite haitaki kusikia jina la Dezire, wamemupa kazi fundi mwingine, mwenye kofia na maneno mengi. Juzi alipita kwenye meza yangu, akachagua, akageuzageuza, akaniuliza: "Mama, ile mashini ya kituo, nguo yake mpya utanifanyia bei gani? Nataka nikimaliza kazi ipendeze."

Jamani!

Nilimutazama nikaona muntu ninayemujua sana. Atairudisha kwenye kona. Ataivalisha. Italia, na kutakuwa na mama mumoja karibu, mwenye busara za sokoni, atakayebonyeza. Na mutoto wa safari hiyo sijui kama atakuta pikipiki mulangoni.

Kwa hiyo ninyi munaosoma, leo mukifika nyumbani muzivue nguo mashini zenu. Ndiyo, zile nilizowauzia mimi! Kitu chochote kinachopata moto kikifanya kazi kina matundu yake ya kutolea. Muyatafute, muyaache wazi, musikisukumie ukutani, musikilaze juu ya godoro. Kikipiga kelele, muinuke mukaangalie, musikinyamazishe kwanza. Na muntu aliyekisomea kitu akikutajia kipimo, kalamu zake ziwe mbili ziwe kumi, usimupunguzie. Watu wa kupunguziwa ni wengi hapa, mutawakuta kwetu sokoni.

Najua munachosema sasa. Huyu mama anaungama bila jina! Ni kweli. Hata ungamo nimelipatania bei: kosa nimelitoa, uso nimeubakiza. Nimeshindwa kuacha.

Lakini mukutano wa komite ni Jumamosi, na kompresa haitafunguliwa kabla ya hapo. Ile pamba ya manjano ninayo, nimeifunga kwenye karatasi. Nitaiweka mezani mbele ya wote kumi na mumoja, Dezire akiwepo, nimeshamwomba aje na hajajibu. Halafu nitaenda pale ukutani, niweke kiwiko changu, ninyooshe vidole, niwaambie: fundi alisema hivi.

Mukono muzima.